Sifa za Kioo Kidogo

Katika Pori la Akiba la Rungwa, linalopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, jicho halifiki mbali. Miombo na mininga imesimama karibu karibu, nyasi za kiangazi zinamfika mtu kifuani, na vichuguu vinakata upeo kila baada ya hatua chache. Nyati aliyefuatwa tangu alfajiri kwa nyayo na kinyesi hutokea ghafla umbali wa mita 50, pengine 80. Mita 150 huko ni mbali. Katika nafasi hiyo fupi ndipo hujulikana kama mtu aliyefunga darubini juu ya bunduki alijua anachokifanya. Ustadi wake ndio ninaotaka kuusifu: ustadi wa kuchagua kioo kinachokuza kidogo, mara moja hadi nne, au mara mbili na nusu basi.

Dukani kioo hicho hakimvutii mtu. Mnunuzi hupewa darubini ya kukuza mara 12, akaielekeza ng'ambo ya barabara, akasoma namba za magari, akaona amepata macho mapya. Hakuna anayemwambia alichokitoa mbali na fedha zake. Kadiri kioo kinavyokuza, ndivyo kinavyopunguza upana wa kinachoonekana. Kwa ukuzaji wa mara mbili na nusu, umbali wa mita 100, mwindaji huona upana wa mita 12 hivi. Kwa mara tisa hubaki na nne. Nyati akiwa mita 50, hizo nne zinakuwa mbili: ndani ya duara kuna ngozi nyeusi tu, na mtu hajui kama ni bega au ni paja. Mtaka yote hukosa yote, na hapa humkosa mnyama mzima.

Kumwona mnyama mzima si anasa. Nyati hutembea kwa makundi, na risasi nzito iliyoundwa kupenya mifupa inaweza kumpita dume aliyelengwa ikamjeruhi aliye nyuma yake. Kioo kipana humwonyesha mwindaji ndama aliyejibanza ubavuni, jike anayekatiza mbele, tawi lililolala kati ya mtutu na bega. Humwonyesha hata mfuata nyayo aliyesogea hatua moja kulia. Anayeyaona hayo yote hushusha bunduki akasubiri. Aliyefungiwa ndani ya mita mbili hana cha kumzuia. Ndiyo maana nasema kuchagua ukuzaji mdogo ni heshima kabla ya kuwa hesabu: heshima kwa mnyama, anayestahili kufa mara moja bila kuteseka, na kwa wenzako waliokutangulia njiani.

Hesabu nayo iko upande huo huo. Mwanga unaolifikia jicho hupita katika duara dogo nyuma ya darubini, na kipenyo chake hupatikana kwa kugawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Lenzi ya milimita 20 kwa mara mbili na nusu hutoa duara la milimita 8. Lenzi kubwa ya milimita 40 kwa mara tisa hutoa 4.4. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Ya mzee hufunguka pungufu ya hapo. Kwa hiyo ile darubini nyembamba, inayodharauliwa kwa udogo wa lenzi yake, hulijaza jicho nuru yote linayoweza kuipokea saa ya magharibi. Tena ina uvumilivu: kichwa kikikaa kando kidogo kwa haraka, picha haipotei. Ukuzaji mkubwa una faida yake jioni, kwani huonyesha vitu kwa undani zaidi. Lakini kwa mita 80 kinachokosekana si undani, ni muda.

Mtu aliyetembea tangu asubuhi, moyo ukidunda, akiegemeza bunduki juu ya magongo matatu, atatetemeka. Ukuzaji mkubwa haumtulizi. Humwonyesha mtetemo ule ule ukiwa mkubwa, msalaba wa kulengea ukirukaruka begani mwa mnyama, mpaka anashawishika kukivuta kifyatulio kwa ghafla pale msalaba unapopita mahali pake. Kioo kidogo humwacha apumue na akibonyeze kifyatulio taratibu. Ukuzaji ukishushwa hadi mara moja, anaweza kufungua macho yote mawili, na nyati anayemjia mbio huonekana kwa ukubwa wake halisi, darubini ikiwa imebaki na kazi moja tu, kuonyesha risasi itakapokwenda.

Fundi mzuri hufikiria pia shavu na nyusi. Bunduki ya .375 Holland & Holland, ambayo risasi yake ilitoka London mwaka 1912 na hadi leo inaaminiwa na wawindaji wa nyati, hupiga teke la kweli. Darubini isiyoacha sentimita tisa au kumi kati ya kioo na jicho humchana mpigaji juu ya nyusi. Darubini ndogo ni bomba lililonyooka, halitanuki mbele, hivyo hulala chini karibu na mtutu na kuliacha shavu liguse kitako. Nyingi zina uzito wa gramu 300 hivi, ilhali zile kubwa huweza kuzidi 600, tofauti ambayo bega huijua kufikia adhuhuri. Jaribio lake ni jepesi na halidanganyi. Hakikisha bunduki haina risasi, fumba macho, ipandishe begani kama kawaida yako, kisha fumbua. Ukiona duara lote limejaa, bila kunyoosha wala kukunja shingo, darubini imekaa mahali pake. Ukiona kivuli cheusi pembeni, fundi aisogeze mbele au nyuma, asikuambie utaizoea.

Kioo hiki kina ukoo wa kujivunia. Mwaka 1930 kijana Mmarekani, William Weaver, alianza kuuza darubini ya bunduki ambayo ukuzaji wake haukufika mara tatu, kwa bei ambayo mwindaji wa kawaida aliweza kuimudu. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alivumbua utando mwembamba wa kupaka lenzi. Kioo kitupu hurudisha asilimia 4 hivi ya mwanga katika kila uso wake, na darubini ina nyuso nyingi. Utando ule uliokoa nuru iliyokuwa ikipotea njiani. Baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Leupold ya Oregon ikajaza naitrojeni kavu ndani ya bomba ili ukungu usitande, na mwaka 1962 ikaleta msalaba wenye mikono minene inayogeuka myembamba karibu na katikati. Chini ya miti, ambako uzi mwembamba humezwa na weusi wa nyati, mikono hiyo minene huliongoza jicho. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kilichoongeza ukuzaji. Vyote vilitafuta uwazi, uimara na wepesi wa kuona.

Risasi ya .375 yenye gramu 19.4 hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Bunduki ikisawazishwa kwa mita 180, risasi hiyo hupanda sentimita sita au saba tu njiani, basi mwindaji hana vitufe vya kuzungusha. Hulenga pale anapotaka kupiga. Zaidi ya masafa hayo kioo kidogo huanza kumnyima uhakika, nami naona hiyo ndiyo fadhila yake kuu. Humwambia asogee. Humrudisha kwenye kazi ya zamani ya kupima upepo kwa majivu, kukanyaga bila kuvunja kijiti, kumsikiliza mfuata nyayo, kukaa chini na kuliacha kundi lipite.

Zipo nchi zinazotaka kioo kingine. Anayewinda mbuzi mwitu katika milima ya Asia ya Kati, au swala wa nyanda tupu za Wyoming, ana haki ya kutaka ukuzaji mkubwa, kwa sababu kule hakuna kichaka cha kujificha. Mahali ndipo panapoamua. Lakini kazi ya kutafuta mnyama, ya kupambanua dume na jike, pembe changa na pembe pevu, ni ya darubini ya macho mawili inayoning'inia kifuani, ambayo haimwelekezei mtu wala mnyama mtutu.

Basi anayenunua na ajiulize anawinda mnyama gani, katika pori la namna gani, na mwili wake hufanya nini ukichoka. Kisha achukue ukuzaji mdogo kuliko wote unaotosha. Ustadi huu ni wa kujua kiasi na kukishika. Unamtaka mtu achague, akiwa bado dukani, umbali ambao hatapiga kuupita, na akubali kuzitembea kwa miguu yake mita zote zilizozidi hapo.