Maji ya Hai: Jinsi Wanavijiji Walivyokabidhiwa Bomba Pamoja na Hesabu Zake

Katika mwaka 1971 chama cha TANU kiliazimu kwamba, kabla ya miaka 20 kupita, kila mwananchi wa kijijini Tanzania Bara apate maji safi mwendo usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Na azma hiyo, ambayo hapana mtu mwenye insafu awezaye kuibeza, ilifuatwa na kazi kubwa kweli kweli, kwa kuwa serikali ilijitwisha gharama za ujenzi na za uendeshaji pia, na mataifa rafiki yakagawana mikoa: Uholanzi ikachimba visima vifupi Shinyanga na kisha Morogoro, Ufini ikaenda Mtwara na Lindi, Denmark ikashika Iringa, Mbeya na Ruvuma, na Uswidi ikaja baadaye katika mikoa ya kandokando ya Ziwa Viktoria. Kila taifa lilikuja na wataalamu wake, na aghalabu na pampu ya namna yake, hata fundi aliyeizoea ile ya Shinyanga asingeweza kuazima kipuri cha Mtwara. Mwaka 1991 ulipowadia ahadi ilikuwa bado haijatimia, na vituo vingi vilivyokwisha kujengwa vilikuwa vimekufa, wala si kwa kukosa maji ardhini, bali kwa kukosa mpira wa pistoni, au pipa la dizeli, au mtu aliyejua kwamba kuvitafuta vitu hivyo ni dhamana yake.

Sera ya Maji ya 1991, na baada yake ile ya 2002, ziligeuza mwelekeo: wanavijiji wawe wenye mradi, wauendeshe wenyewe, na gharama za uendeshaji zitoke mifukoni mwao. Walakini katika kulitekeleza shauri hilo, mahali pengi wanavijiji waliitwa siku ya kuchimba mtaro tu. Walishika majembe, wakabeba mawe na mchanga, mradi ukazinduliwa kwa ngoma na hotuba. Kisha ufunguo wa pampu ukabaki kwa mtu mmoja, na fedha za ndoo zikakusanywa pasipo daftari. Mimi nashikilia kwamba jasho la msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanavijiji, japokuwa ni jambo la heshima, halijapata kuudumisha mradi hata mmoja. Kinachoudumisha ni mamlaka ya wanavijiji juu ya bei, fedha na adhabu. Ithibati ya neno hili iko Hai, mkoani Kilimanjaro.

Huko, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa msaada wa Ujerumani kupitia benki yake ya KfW, yalilazwa mabomba ya maji ya mserereko yanayoshuka kutoka msituni, mlimani juu, hadi tambarare kavu za chini. Banio hujengwa mtoni, maji huchujwa mchanga, huingia bombani, na kila baada ya mteremko mkali hupitishwa katika tangi dogo la kupunguza mgandamizo, ili yasije yakapasua bomba kwa nguvu yake yenyewe. Hapana injini, hapana dizeli. Wanavijiji walichimba mitaro, kama kwingineko. Lakini kabla ya maji kufika, ziliundwa bodi za watumiaji, kama ile ya Uroki–Bomang'ombe, ya Losaa–KIA na ya Lawate–Fuka, zikapewa mradi kuwa amana, zikaajiri mafundi na watunza hesabu kwa mshahara, na zikafunga dira katika maunganisho ya nyumbani na katika vituo vya kuchotea maji vya watu wote.

Juu ya dira hiyo nitakawia kidogo, kwani ndicho kiungo ambacho wengi hukiona kuwa chombo cha kutozea fedha tu. Dira moja ikiwekwa penye tangi, na nyingine kwa kila mteja, msomaji wa dira akimaliza mzunguko wake hujumlisha maji yaliyouzwa na kuyatoa katika maji yaliyotoka. Tofauti ikizidi, ama bomba linavuja mahali, ama mtu amejiunganishia kwa siri, ama fedha zimeliwa. Mwanakijiji asiyejua uhandisi wowote aweza kuzisoma tarakimu mbili hizo na kuuliza swali. Madhali swali hilo laweza kuulizwa hadharani, fundi hutembea kwenye mtaro kutafuta pavujapo, na mweka hazina huandika risiti.

Haifai kusahau kwamba watu wa Kilimanjaro hawakuanza jana kutawala maji. Mifereji yao ya asili, waiitayo mifongo, ilichimbwa na kutunzwa na koo kwa zamu, na aliyekosa siku ya kuusafisha mfereji alitozwa faini au akakosa zamu yake ya maji. Bodi mpya ziliangukia mahali ambapo adhabu ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kukubalika kuwa haki.

Tuichukue sasa hesabu ya kituo kimoja kwa mfano. Kipimo cha serikali ni watu 250 kwa kituo, na lita 25 kwa mtu kwa siku, yaani lita 6,250, ambazo ni ndoo 312 za lita 20. Ndoo ikiuzwa shilingi 20, kituo kitaingiza kiasi cha shilingi 187,000 kwa mwezi wa siku 30. Katika mradi wa mserereko fedha hizo, zikijumlishwa na za vituo vingine, zaweza kumlipa fundi na kununua koki. Lakini katika Dodoma au Singida, ambako maji hutolewa chini sana kwa mashine, dizeli peke yake yaweza kuzimeza. Na masika yakiingia, watu hurudia madimbwi na maji ya mapaa, mauzo yakaanguka ilhali mshahara wa fundi haupungui. Kwa hiyo anayekwenda kuinakili Hai katika nchi kavu, pasipo kwanza kukaa na wanavijiji na kuwaeleza bei ya kweli ya ndoo kiangazi na masika, anajenga kitu kitakachokwama. Na kiongozi anayepanda jukwaani kutangaza kwamba maji yatakuwa bure, hata akiwa na nia njema, amekwisha kuuondolea mradi riziki yake.

Sheria ya 2009 ilizipa jumuiya za watumia maji hadhi ya kisheria, na Sheria Namba 5 ya 2019 ikaunda RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi Julai mosi mwaka huo, ambao umekuwa ukiunganisha jumuiya ndogo ndogo kuwa vyombo vikubwa vyenye fundi na mhasibu walioajiriwa. Jambo hili ni jema, kwa kuwa kijiji kimoja aghalabu hakiwezi kumlipa mhasibu. Lakini lina hatari yake: chombo kikisimamia vijiji vingi, daftari huhama, na mama aliyesimama foleni na ndoo yake hamjui tena anayelishika.

Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Nawasihi watendaji wa vyombo hivi waje katika kila mkutano wa namna hiyo na tarakimu tatu: lita zilizotoka tangini, lita zilizouzwa, na fedha zilizomo benki, na nawasihi wanavijiji, hasa wanawake, ambao ndio wenye kubeba ndoo, wasikubali ajenda ya maji ifungwe kabla tarakimu hizo hazijasomwa kwa sauti.