Utamu wa Tamthilia za Runinga za Zamani: Zaidi ya Kumbukizi

Utamu wa kutazama tamthilia za runinga za zamani huelezwa, aghalabu, kuwa ni kumbukizi: mtazamaji hurejea ujanani. Maelezo hayo hayatoshelezi. Kijana wa Tunduma aliyezaliwa mwaka 2008 hakuwahi kulisubiri onesho la kundi la Kaole kupitia ITV. Hata Mkoa wa Songwe anamoishi ulianzishwa mwaka 2016. Akiitazama Jahazi au Dira leo, hana cha kukumbuka, lakini huweza kuburudika.

Burudani hiyo ina vyanzo viwili. Cha kwanza ni kinaya. Steven Kanumba alijiunga na Kaole mwaka 2002, akafariki Aprili 7, 2012. Mtazamaji wa leo anajua umaarufu uliomngoja na kifo kilichomkatiza, ilhali kijana aliye mbele ya kamera hajui lolote kati ya hayo. Taharuki, basi, haitokani na msuko pekee, bali pia na sura ya msanii mwenyewe. Chanzo cha pili ni mwendo. Mazungumzo yanayobuniwa papo kwa papo husitasita, hurudiwarudiwa na huacha kimya, kama yafanyavyo mazungumzo ya barazani.

Mwendo huo hupotea tamthilia inapokatwa vipande vifupi. Kipande huhifadhi kichekesho, lakini huacha kimya kilichokitangulia. Kwa hiyo, uhifadhi wa kazi hizi hauna budi kuzingatia kipindi kizima; la sivyo, kizazi kijacho kitarithi majina ya wasanii bila sanaa yao.