Kitabu cha pikipiki na mdomo wa fundi

Kuko swali moja linalorudi kila mara kwenye parkingi za hapa Salamabila. Fundi anapokuambia "tubadilishe hii, na hii pia", je, anafuata kitabu cha pikipiki ao anakula pesa yako? Wengi wanajibu mbio: mafundi ni wezi. Mimi sikubaliani nao. Ukisoma kitabu chenyewe, kisha ukiangalia kazi inayofanyika garajini, utaona kitu kingine: kinachopendekezwa ni kile chenye kuuzwa. Kazi isiyouzisha kitu inasahauliwa, hata kama kitabu kinaidai.

Tuanze na vidanje. Kwa pikipiki mpya, kitabu kinataka mafuta ya kwanza ya moteri yamwagwe mapema, juu ya vyuma bado vinazoeana. Kisha kinatoa kilometa za kufuata, kila modeli na zake. Kwetu hesabu imekuwa ya wiki: "Kila wiki vidanje." Tuseme kitabu chako kinaandika kilometa 3000, na motari anatembea kilometa 100 kwa siku, siku 6. Hiyo ni 600 kwa wiki. Kwa hiyo anamwaga mafuta mara 5 pale kitabu kinaomba mara 1. Na yeye njo mwenye kulipa, wakati patro anangojea versema yake bila kupunguza hata franka moja.

Lakini tusikimbilie kuhukumu. Vitabu vingi vina mstari mdogo ambao watu wanauruka: kama unatembea kwenye vumbi, matope, milima, ao unabeba mzigo mzito, fupisha hizo kilometa. Huyo ni sisi. Barabara ya Kasongo wakati wa kiangazi ni vumbi jekundu tupu, na wakati wa mvua ni matope mpaka magoti. Pikipiki ya 125 iliyotengenezwa kwa watu wawili inabeba watatu na magunia. Tena, kwa pikipiki za namna hiyo, mafuta yaleyale yanalainisha moteri, klachi na giabox, hayana pumziko. Kwa hiyo fundi anayesema "kwetu tusingoje 3000" hadanganyi. Hata hivyo, ukikata ile hesabu nusu, unafika 1500. Wiki moja bado iko mbali. Na kwa kuwa kilometraji za pikipiki nyingi zimekufa, hakuna anayeweza kupinga wiki ya fundi.

Sasa angalia upande wa pili. Filtri ya hewa njo kitu cha kwanza vumbi inaua, na kitabu kinaomba isafishwe mara nyingi zaidi kwenye vumbi. Nani anakukumbusha? Sheni kuipaka mafuta na kuikaza sawasawa, valvu kuzipima, kebo ya klachi kuirekebisha: yote iko kitabuni, na yote inaomba mikono na dakika chache tu. Lakini buji ambayo ingesafishwa na kurudishwa inatupwa. Chupa ndogo ya dawa ya kumimina ndani ya esansi inasifiwa, wakati vitabu vingi haviitaji kabisa. Hapo njo kuna ukosoaji wangu: tunafanyiwa kazi zaidi ya kitabu upande mmoja, na pungufu ya kitabu upande mwingine, na mpaka kati ya pande hizo ni faida.

Na si tabia ya Salamabila peke yake. Kwenye miji mikubwa, maduka ya kampuni za magari yana orodha zao za matengenezo, na mteja anaogopa kupoteza garanti akienda kwa fundi mwingine. Marekani ilipitisha sheni yake mwaka 1975: kampuni haiwezi kukufungia garanti juu tu ulitumia piesi ao fundi wa nje. Afrika ya Kusini, mwongozo wa tume ya ushindani ulianza kutumika Julai 2021, nao unafungulia wenye magari mlango huohuo. Huku kwetu, muuzaji wa pikipiki, muuzaji wa piesi na fundi mara nyingi wanapakana ukuta kwa ukuta, na garanti ni neno la mdomo. Silaha iliyobaki ni kile kitabu.

Kitabu nacho kina makosa. Kinakuja kwa Kiingereza, kwa Kichina, mara chache kwa Kifaransa. Kimeandikwa na mtu anayefikiri barabara ina lami. Hakisemi lolote juu ya mafuta yaliyojazwa upya ndani ya bidoni ya zamani, ambayo kwetu ni hatari kuliko kuchelewa vidanje. Motari asiyekisoma hana kosa: mara nyingi hata hakupewa.

Hapa njo pahali petu sisi tuliokalia viti vya masomo Kindu, Kasongo ao Bukavu. Tunaweza kutafsiri kurasa mbili tu, zile za ratiba ya matengenezo, kwa Kiswahili chetu, kwa modeli mbili ao tatu zinazotembea zaidi hapa, na kuzibandika kwenye parkingi. Tuongeze na alama ya kutafuta kwenye bidoni, JASO MA, juu mafuta mengine ya gari yanaweza kuifanya klachi iteleze. Kisha tumfundishe kila motari maswali matatu: Ni alama gani inaonyesha kitu hiki kimekufa? Kitabu kinasema nini? Nipe kile cha zamani nikione kwa macho.

Fundi mwema hataogopa maswali hayo. Tena tukubali kumlipa kazi ya mikono: kusafisha filtri na kupima valvu kuwe na bei yake. Tukikataa kulipa ujuzi wake, atajilipa kwa kutuuzia buji. Pesa ya vidanje tatu za bure kwa mwezi ni pesa ya daftari za mtoto, na kwenye nyumba nyingi za mamotari daftari hizo hazijanunuliwa bado.