Sifa ya Anayejua Kuchagua Mbwa

Katika fani zote ambazo mkulima wa bonde la Rufiji huzirithi kwa kutazama zaidi ya kuambiwa, sijaona hata moja inayodai busara nyingi na kulipwa sifa chache kama fani ya kumchagua mbwa. Maana achongaye mtumbwi ulio sawa husifiwa katika vijito vyote vya delta, na asukaye mkeka wa rangi huulizwa jina lake na wageni, lakini yule awezaye kumtambua, kati ya watoto wa mbwa wa uzao mmoja, yupi asubuhi atamwinulia kwale na jioni atakanyagwa mkia na mtoto anayejifunza kwenda asigeuke kwa meno, huyo hupita njia ya Kibiti kimya, wala hapana amwitaye fundi. Mimi nimeshika kalamu ili nimwite fundi, na ili nieleze ufundi wake umekaa wapi.

Kwanza yafaa ijulikane ni maisha ya namna gani anayochaguliwa mbwa huyo. Zamani watu wengi waliishi bondeni kwenyewe, juu ya udongo mweusi unaoletwa na mto. Kisha baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 serikali ikawahamishia katika vijiji vya nyanda za juu, ambako maji hayafiki, walakini mpunga haukuweza kuhama pamoja nao. Kwa hiyo mkulima akawa mtu wa makazi mawili: nyumba yake kijijini, na dungu lake shambani, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo hulala yeye na aghalabu mkewe na watoto msimu mzima, akilinda mchana dhidi ya ndege na nyani, na usiku dhidi ya nguruwe mwitu. Mbwa huenda na kurudi pamoja nao, akawa mwenzi wa msasi alfajiri, mlinzi chini ya dungu usiku, na jirani wa watoto saa zote zilizobaki. Wala ulinzi huo si jambo dogo: watafiti walioandika mwaka 2005 juu ya simba wala watu nchini Tanzania, baada ya kuhesabu watu zaidi ya 560 waliouawa tangu mwaka 1990, walionyesha kuwa simba huwafuata nguruwe, na nguruwe hufuata mazao, hivyo mbwa awazuiaye nguruwe wasiingie mpungani huwakinga na waliolala juu yake.

Mtu akiuliza ni aina gani ya mbwa ifaayo kwa maisha hayo, huanza kutajiwa majina ya mbali, na majina hayo yana haki ya heshima. Labrador, ambaye wazee wake walifanya kazi na wavuvi wa Newfoundland, hupenda maji na watoto kwa kadiri moja, na mdomo wake ni laini kiasi cha kumleta bata pasipo kumtoboa ngozi. Setter wa Uingereza alifundishwa, kabla ya bunduki kuenea, kunyemelea kundi la kwale na kujilaza chini mbele yao, msasi apate kuwafunika kwa wavu. Na Pointer husimama kama aliyechongwa, pua ikiwa imeelekea aliko ndege. Saluki wa Waarabu, mwembamba wa kiuno na mwepesi wa mbio, amepata daraja ambayo mbwa wachache wameipata, ya kukaribishwa hemani na Mabedui.

Lakini siha ya mnyama huandikwa na nchi yake. Katika vichaka vya Rufiji wako mbung'o wanaoambukiza ndorobo, ugonjwa unaomdhoofisha mbwa mgeni na kuyatia macho yake ukungu kabla ya kumwua. Wako kupe wa homa. Liko joto la mchana lenye mvuke wa matope. Uko upupu, na ziko mbigili, ambazo katika manyoya marefu ya Setter hujifunga mafundo yasiyofunguka. Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi ambamo kupe huonekana upesi, kifua kisicho kizito, na nyayo zilizofumbana zisizobeba matope, amechujwa na maradhi hayo vizazi kwa vizazi, akabaki anayeweza kubaki. Jamaa yake wa misitu ya Kongo, Basenji, alipopelekwa katika maonyesho ya mbwa ya Crufts mjini London mwaka 1937, watu walisongamana kumtazama, ilhali kwao alikuwa mbwa wa kila siku, afungwaye njuga shingoni na kuingizwa msituni kuwafukuzia wanyama wavuni. Basi kwa mkaazi wa Kibiti suala la aina limekwisha jibiwa na nchi yenyewe. Lililobaki ni lile gumu zaidi, la kumjua mmoja kati ya wengi.

Na hapa ndipo dini, ambayo wengi hudhani imemfukuza mbwa katika miji ya Waislamu, ilipotoa kipimo ambacho sijaona kilicho bora kuliko hicho. Aya ya nne ya Sura Al-Maida imehalalisha kilichokamatwa na mnyama aliyefundishwa. Hadithi zimeruhusu kufuga mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Na mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani yetu, wakaeleza mbwa aliyefundishwa ni yupi: akitumwa huenda, akikemewa husimama, akikamata hali, na mambo hayo huyarudia mpaka ijulikane kuwa ni tabia wala si bahati. Sahaba Adi bin Hatim alipomwuliza Mtume juu ya usasi, alielezwa kuwa mbwa aliyetumwa kwa jina la Mwenyezi Mungu kilichokamatwa naye ni halali, ila akikila, maana hapo amejikamatia mwenyewe. Tazama basi ilivyowekwa hukumu: haikuulizwa mbio zake, wala ukali wake, wala nasaba yake, imeulizwa subira. Waama mbwa awezaye kusimama juu ya kwale aliye moto bado, huku njaa ikimwita, na kungoja mkono wa bwana wake, ndiye huyo huyo awezaye kuvumilia mtoto amvutaye sikio. Kwa kuwa nguvu inayomzuia ni moja, mawindoni na uani. Kwa sababu hiyo naamini ya kwamba mwenye kutafuta mbwa wa usasi na mwenye kutafuta mbwa wa nyumbani hutafuta mbwa mmoja, hata kama wenyewe hawajui.

Nilipata kumfuata mzee mmoja wa Mtunda siku aliyokwenda kuchagua. Alikuja na bawa kavu la kanga na kigae chenye vichwa vya dagaa, na baada ya salamu hakuwatazama watoto wa mbwa kabisa. Alimtazama mama yao, akangoja mpaka kuku mwenye vifaranga apite karibu naye alipokuwa akinyonyesha, na alipoona jike lile limeinua kichwa, likawatazama vifaranga, likakilaza tena, ndipo alipochuchumaa. Akaliburura bawa majanini na kulificha chini ya kuti. Mmoja wa watoto alibweka, wawili wakakimbilia upepo, na dume jeusi likamrukia mwenzake. Jike dogo la kahawia likashusha pua, likaifuata njia ilipopita bawa hata kwenye kuti, likalitoa na kusimama nalo kinywani. Mzee akanyoosha mkono, nalo likaachia. Kisha akaweka kigae, na walipokwisha zama katika chakula akakivuta: dume jeusi likamngurumia na kuufuata mkono kwa meno, lakini yule wa kahawia akaacha kula, akamtazama mzee usoni.

Kijana mwenye mji akasema, «Babu, chukua huyo mweusi, ndiye mkali.»

«Mkali nitamfanya mwenyewe, mjukuu wangu,» akajibu, «mwenye subira siwezi kumfanya; lazima nimkute.»

Hata hivyo aliyemkuta hana budi amlee, na wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, maana yake mbwa huichukua hulka ya bwana wake. Malezi huanza kati ya kuku wa nyumbani, kwa kamba ndefu na neno moja lisilobadilika. Huendelea kwa kuwekewa mpaka wake uani, kibanda chake, na chombo chake mbali na vya watu, ili pasiwe na haja ya kuosha vyombo mara saba, mojawapo kwa udongo. Na hukamilika porini, ambako kila ndege ana somo lake. Kanga hutegemea miguu kuliko mabawa, hivyo mbwa huachiwa alisukume kundi mpaka lirukie mtini, likabaki kumkemea yeye na kumsahau msasi. Kwale hujibana chini mpaka akaribie kukanyagwa, hivyo mbwa huzuiliwa aende polepole mbele ya mtu. Ama bata walioanguka majini, iwe mtoni au katika maziwa ya bonde, mzee hamtumi mbwa kuwafuata hata kidogo, kwani humo wamo mamba. Ndege aliyepotea ni hasara ya siku moja, na mbwa aliyefundwa hapatikani kwa msimu mmoja.

Ziko amana mbili ambazo fundi wa leo hana udhuru wa kuziacha. Ya kwanza ni kibali, kwa kuwa usasi wa ndege nao umo katika Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumtumia mbwa ni jambo la kuulizwa kwa afisa wa wanyamapori kabla ya kutoka. Ya pili ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Wataalamu wamethibitisha kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa ugonjwa huo hukosa njia ya kuenea, na mbwa alalaye walipo watoto hapaswi kuwa miongoni mwa 30 waliobaki.

Basi anayetaka mbwa wa mambo mawili, na aanze kwa mama kabla ya mtoto, na kwa subira kabla ya mbio. Na vijana wanaokwenda Dar es Salaam kununua mbwa wa kizungu kwa bei ya ng'ombe, sikatai chaguo lao, bali nawasihi kwanza wawafuate hao wazee siku moja ya kuchagua na siku nyingi za kufundisha, wangali na nguvu za kutembea. Kwa maana elimu hii haijaandikwa popote, na wenye nayo hawajaombwa bado kuitoa.