Heko kwa Wafugaji wa Nyoka wa Mandarini

Nyoka wa mandarini ni mla panya wa milima ya Uchina, Vietnam na nchi jirani, mwenye madoa meusi yenye kiini cha manjano mgongoni. Hana sumu. Mtaalamu wa wanyama Cantor alimweleza kisayansi mwaka 1842, lakini kumfuga kuliwashinda watu kwa muda mrefu: nyoka wengi waliokamatwa porini walifika Ulaya na Marekani wamejaa minyoo, wakasusa kula, wakafa.

Waliobadili hali hiyo ni wafugaji wenye subira. Walitambua kwamba nyoka huyu hapendi joto kali, hupenda ubaridi wa udongo. Majira ya baridi wakamwacha apumzike miezi miwili mitatu katika nyuzi kama 10 za Selsiasi, bila chakula. Ndipo akapandana na kutaga.

Mtazame mfugaji akimulika yai kwa tochi gizani: ndani mna mishipa myekundu, myembamba kama uzi. Haligeuzi, maana kiinitete kimeshashikamana na utando wa gamba. Hulirudisha vilevile kwenye boksi lenye unyevu, akangoja karibu miezi miwili.

Hongereni sana, wafugaji! Nawe msomaji unayemtamani nyoka huyu, mnunue aliyezaliwa kwa mfugaji. Wa porini mwachie msitu wake.