Jumba, kijiji na jembe la mama: klipu zetu zinaonyesha nini?

Bandugu, mwaka jana yaya mumoja mwenye kuimba hapa Bukavu aliniomba nimutafutie mahali pa kufanyia klipu. Muhumba na Nguba hakutaka, alisema kila mutu ameisha kupiga picha mbele ya zile nyumba za kando ya ziwa. Alitaka kijiji. Na vile miye ni injinia wa kilimo, mutu wa kutembea na buti za matope, alijua sitakosa. Nikamupeleka Kabare, kwa mama mumoja ambaye tunafuatilia shamba lake la migomba.

Nilikaa pale siku nzima nikitazama. Wimbo unapigwa mbio mbio kwenye spika, yaya anachezesha midomo mbio vile vile, kamera inakamata picha nyingi kwa sekunde. Kisha kwenye ordinatere wanapunguza mwendo: midomo inakuwa sawa na wimbo, lakini nguo zinaelea polepole kama ziko ndani ya maji. Kumbe ndiyo siri yenyewe! Wachezaji wanne walivaa nguo za rafia ambazo mama alisema hajawahi kuona mutu wa kwao anazivaa. Halafu mwenye kamera akasema: "Ule mama mwenye jembe atoke kidogo, anaharibu picha." Mama akajibu bila hasira: "Nitoke niende wapi, mutoto wangu? Si ni kwangu?" Tukacheka wote. Akatoka.

Tangu siku ile sitazami klipu bila kutafuta hilo jembe.

Klipu zetu ziko na makao mawili: jumba na kijiji. Jumba munalijua. Bwawa la kuogelea, gari kubwa, miwani myeusi usiku, wasichana ambao hawaongei. Wasomi wenzangu wanapenda kusema ni uongo mutupu, gari ni ya kukodi saa mbili. Ni ya kukodi, ndiyo, lakini kwa uongo miye sikubali. Mwanamuziki wa Kongo haishi kwa kuuza nyimbo, nani ananunua? Anaishi kwa konseri, kwa harusi, na kwa wakubwa. Ndiyo maana tuko na libanga: jina la mutu linatupwa ndani ya wimbo, na mwenye jina anatoa makuta. Klipu yenye jumba ni barua kwa hao watu. Inasema: niko juu tayari, musiniletee bei ya chini. Ni kama sisi tunavyoazima kostimu ya kaka juu ya kwenda kuomba kazi. Nani hapa hajaazima? Yule wa biro anajua si yako, na wewe unajua kama anajua.

Tena klipu tangu mwanzo ni kitu cha kumufikisha mutu mahali hawezi kufika. Mwaka 1975 kundi la Queen la Uingereza lilitengeneza filamu ya "Bohemian Rhapsody" kusudi televisheni iionyeshe bila wao kuwa studio. Kwetu Kivu sababu ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Barabara ya kutufikisha Kinshasa iko wapi? Koffi, Werrason, JB Mpiana, tuliwajua ndani ya kaseti, kisha ndani ya VCD zilizokwaruzwa mpaka picha inaganda. Wimbo unaanza taratibu, mambo ya mapenzi, halafu sebene inalipuka, atalaku anapaza sauti, wachezaji wanajipanga musitari. Na kamera inasimama! Unaona mutu kutoka kichwani mpaka kwenye viatu. Sisi watoto tulijifunza kucheza hivyo, mbele ya televizyo ya jirani.

Leo wanakata picha kila sekunde. Uso, saa ya mkono, gurudumu la gari, kiuno nusu, drone juu ya ziwa. Miguu iko wapi? Hili ndilo lalamiko langu kubwa, kubwa kuliko bwawa na magari: wametunyang'anya miguu. Tazama tena "Selfie" ya Koffi ya 2015. Ilienea sababu ngoma yake ilikuwa ya kila mutu mwenye simu mukononi, unaona mara moja, unafanya, unajipiga wewe mwenyewe. Klipu ilimalizikia kwa mutazamaji.

Kijiji ndicho kinanisumbua zaidi. Jumba kila mutu anajua ni la kuazima, lakini kijiji wanatuletea kama ndiyo asili yetu, ndiyo ukweli. Na ndani ya huo ukweli hakuna mutu anafanya kazi. Hakuna muhogo wenye majani yaliyojikunja kwa mozaiki, hakuna mama mwenye mzigo mugongoni. Chungu kiko, maji hayamo.

Mukitaka kujua klipu inaweza nini, kumbukeni mwezi wa 11 mwaka 2021. Tume ya kukagua nyimbo ilikataza "Nini Tosali Te" ya vijana wa MPR kwenye redio na televisheni. Watu wakapiga kelele, na juma halikuisha, katazo likaondolewa. Ulikuwa wimbo wa kuuliza watawala kuhusu maisha ya watu. Gari la kukodi halijawahi kumutisha mukubwa yeyote hivyo.

Nirudi Kabare, sababu kuna kitu sijasema. Mupambaji wao alikuja na panga ambalo alikuwa amekatia majani ya migomba njiani, kwenye mashamba ya bonde, na nilijua mnyauko umeisha kufika kule. Panga chafu ndiyo gari la ule ugonjwa. Unalipitisha kwenye moto ao kwenye javeli, inatosha. Nilimuona anaanza kukata ya mama, nikanyamaza juu kamera ilikuwa inazunguka. Na hata sauti hawakuwa wanachukua.

Miezi ikapita, majani yakawa njano, vikonyo vikaiva kabla ya wakati. Tulipokata shina, usaha wa njano ukatoka. Labda ni wadudu walileta, hao pia wanaleta. Tuling'oa mashina kumi na moja.

Klipu ilitoka. Migomba ndani yake ni mizuri, kijani kibichi. Nilipomupelekea mama alama ya kuonyesha mahali asipande migomba tena kwa sasa, akaomba aone kwenye simu. Alitazama yote bila kusema. Karibu na mwisho, nyuma ya wachezaji, kuna ukuta, na jembe limeegemea pale, labda sekunde moja.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema.

Nikarudisha mara tatu.