Mtambo wa Kurekodia Upimwe Kabla Hujaimba

Mwanamuziki anayetafuta mtambo wa kurekodia unaoingia kwenye begi huuliza kwanza maikrofoni ipi ni kali. Swali hilo linakuja mapema mno. Kompyuta mpakato, kadi ya sauti ya nje, maikrofoni, hedifoni na waya zikishaunganishwa, cha kwanza kupimwa ni kile kinachosikika wakati hakuna anayeimba. Rekodi sekunde 30 za ukimya katika chumba kilekile utakachofanyia kazi, pandisha sauti, usikilize kwa hedifoni zinazofunika masikio. Mvumo mzito wa hezi 50, au mara mbili yake, asili yake ni umeme: chomoa chaja, kompyuta itumie betri, na mara nyingi mvumo hukatika papo hapo. Mlio wa “shhh” usiokatika kwa kawaida ni wa kadi yenyewe, imepandishwa kupita uwezo wake. Feni na bodaboda utazitambua bila kufundishwa. Kisha piga kofi moja. Kuta tupu za saruji hurudisha mlio wa harakaharaka, na huo ukishaingia kwenye sauti ya mwimbaji, kuutoa ni shughuli pevu.

Kwa kipimo hiki, maikrofoni ghali ya kondensa, inayodai volti 48 kutoka kwenye kadi, yaweza kushindwa na ya dainamiki kama Shure SM57, ambayo ipo sokoni tangu 1965. Kondensa hunasa mengi, yakiwemo ya jirani. Dainamiki huvumilia kusogelewa, na umbali ukipungua kwa nusu sauti ya mwimbaji hupanda takriban desibeli 6 huku kelele za chumba zikibaki palepale. Gharama yake ni besi kunenepa na herufi p kupuliza. Iweke pembeni kidogo ya mdomo.

Wapo watakaosema programu za siku hizi husafisha kila kitu. Husafisha, ila huondoka pia na pumzi ya mwimbaji na mkia wa nyuzi za gitaa, yaani vile vilivyo dhaifu kama kelele zenyewe. Hoja nzito zaidi ni ya mwanamuziki wa Marekani, Bruce Springsteen. Januari 1982, nyumbani kwake New Jersey, alirekodi nyimbo nyingi za albamu yake Nebraska kwa mashine ya kaseti ya njia 4, Portastudio 144. Akazijaribu tena studioni na bendi, mwishowe akatoa zile za kaseti. Kaseti haina ukimya wa kujivunia, basi kipimo changu kina faida gani? Nadhani albamu hiyo inakinyoosha, haikivunji. Kinachohukumiwa ni pengo kati ya sauti na kelele, na mtu mmoja mwenye gitaa aliyekaa karibu na maikrofoni hulipanua pengo hilo hata kwa mashine dhaifu.

Kwa ala za sauti ndogo, hoja yangu ya dainamiki hugeuka. Zeze au marimba ya vidole hulazimisha kadi ipandishwe sana, na kadi ya bei poa hapo ndipo huanza “shhh”. Kondensa inafaa, mradi usome karatasi yake: kelele ya ndani chini ya desibeli 10 ni utulivu wa hali ya juu; ikizidi 20, iachie ngoma. Rekodi kwa biti 24, vilele visipite desibeli -12. Aliyezoea kuijaza mita hadi iwe nyekundu ataona ni chini mno, lakini kwa biti 24 nafasi ipo tele, na sauti iliyopasuka hairudi.